Mtoto Mwenye Mama Aliye Hai

(Hotuba ya Ofisi ya Miradi katika semina ya kamati za diakonia za sharika za Kibaha na Kisarawe, iliyofanyika Kibaha. Ilitolewa asubuhi, baada ya wajumbe kutazama filamu ya Kijapani usiku uliotangulia.)

 

Jana usiku, taa zilipowashwa ukumbini, sauti ya kwanza ilitoka kwenye mabenchi ya akina mama. Ilisema, "Huyo si mama, huyo ni mnyama." Wengi mliitikia. Kisha mzee wetu mmoja akasema kwamba wenzetu wa Japani hawana undugu, na kwamba jambo kama lile haliwezi kutokea huku Pwani. Ofisi haikujibu, kwa kuwa usiku ulikuwa umeenda. Leo tunaomba kujibu, na tunaomba mtuvumilie, maana katika jibu letu kuna mambo ambayo si ya kujivunia.

Filamu tuliyoitazama

Kwa faida ya waliochelewa kufika, turudie kwa ufupi. Filamu inaitwa Dare mo Shiranai, maana yake Hakuna Anayejua. Ilitengenezwa na Hirokazu Kore-eda na ilitolewa mwaka 2004. Mwaka huohuo kijana aliyeigiza kama kaka mkubwa, Yuya Yagira, alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika tamasha la Cannes, Ufaransa, akiwa na miaka 14 tu.

Mama anahamia nyumba ya kupanga jijini Tokyo. Anamwambia mwenye nyumba kwamba ana mtoto mmoja, Akira, mwenye miaka 12. Kumbe anao wanne. Wadogo wawili wanaingizwa ndani wakiwa wamefichwa kwenye masanduku ya nguo. Wadogo zake Akira hawaruhusiwi kupiga kelele wala kutoka nje, na hakuna anayesoma shule. Kila mmoja ana baba yake. Mama anaondoka, anarudi na zawadi, kisha anaondoka tena na kuahidi kurudi kwa ajili ya Krismasi. Harudi. Akira anagawa fedha alizoachiwa, anapika, na anawafuata wanaume wawili ambao huenda ni baba wa wadogo zake, anarudi na fedha kidogo. Umeme unakatwa, maji yanakatwa, watoto wanachota maji bustanini. Kijana mmoja wa dukani anawapa chakula ambacho muda wake wa kuuzwa umepita. Akira hataki kwenda polisi, kwa sababu anaogopa watatenganishwa. Mwishoni mdogo kuliko wote, Yuki, anaanguka kutoka kwenye kiti na kufariki. Kaka yake anamzika usiku karibu na uwanja wa ndege wa Haneda, kwa sababu mtoto yule alikuwa ametamani kuona ndege.

Kisa hiki hakikubuniwa chote. Mwaka 1988, katika eneo la Sugamo jijini Tokyo, waligunduliwa watoto walioachwa na mama yao kwa miezi mingi ndani ya nyumba ya kupanga. Hawakuwa wameandikishwa walipozaliwa, kwa hiyo kwenye vitabu vya serikali hawakuwapo. Jambo hilo lilitokea katika moja ya nchi tajiri kuliko zote duniani, mwaka mmoja tu kabla Umoja wa Mataifa haujapitisha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989.

Chumba cha Kibaha

Sasa tutoke Tokyo, turudi hapa hapa tulipo. Tutasimulia kisa kimoja, tukificha majina na mtaa.

Katika nyumba ya vyumba sita, si mbali na barabara kuu ya Morogoro, alipanga mama mmoja kijana. Alikuwa akiamka saa tisa za usiku kuwapikia chai na chapati madereva wa malori. Alipopanga alisema ana mtoto mmoja, kwa sababu mpangaji asiye na mume na mwenye watoto wengi hapati chumba kwa urahisi. Alikuwa nao watatu: wa kiume wa miaka 11 na wa kike wawili, mdogo akiwa na miaka mitatu. Siku moja alipata mtu wa kumpeleka Tunduma kufanya biashara. Alimwachia mwanawe mkubwa shilingi 40,000 na unga wa wiki mbili, akamwambia jirani awatupie jicho. Mwezi wa kwanza alituma fedha kwa simu ya jirani. Mwezi wa pili alituma kidogo. Mwezi wa tatu simu haikupatikana.

Mtoto yule aliacha shule, akawa anabebea maji mama ntilie. Jioni alipewa ukoko na maharage, akaupeleka nyumbani na kuugawa mara tatu. Jirani alijua, maana ndiye aliyekuwa akimwogesha yule mdogo. Mwenye duka alijua, maana daftari lake la mikopo lilikuwa na jina la mtoto. Mwalimu alijua kwamba ana mtoro. Mjumbe wa nyumba kumi alijua kwamba kuna kodi haijalipwa. Mwinjilisti wetu alijua kwamba watoto wale hawaji tena Shule ya Jumapili. Kila mmoja alishika kipande chake, na kila mmoja alifanya wema kwa kiasi chake, kama yule kijana wa dukani kwenye filamu. Miezi saba ilipita hivyo.

Jina lililokatwa

Hapa ndipo tunapoomba mtuvumilie. Mwinjilisti alileta jina la yule mtoto kwenye kamati ya usharika wake, na kamati ikajaza fomu yetu ya watoto waishio katika mazingira magumu. Wengi wenu mnaijua fomu ile. Swali la nne lilikuwa linauliza: mzazi aliyefariki ni baba, mama, au wote wawili? Kamati iliacha wazi, kwa sababu hakuna aliyefariki. Fomu ilifika mezani kwetu. Tukaisoma, tukaona hana sifa, tukapiga mstari juu ya jina lake. Tukaijibu kamati kwamba mama atafutwe kwanza.

Hatukufanya hivyo kwa ubaya. Fomu ile ilitengenezwa wakati ukimwi ulipokuwa ukitujazia yatima katika kila mtaa, na fedha tulizopewa zilikuwa za yatima. Lakini tulikuwa tunawatafuta watoto kwa kuhesabu makaburi. Mtoto ambaye wazazi wake wote wapo hai, na hakuna hata mmoja aliyeko nyumbani, hakuwa na mahali kwenye karatasi yetu.

Miezi mitatu baadaye yule mdogo alishikwa na malaria kali. Jirani alimbeba usiku kwa bodaboda hadi hospitali, akaongezewa damu, na kwa neema ya Mungu akapona. Nesi aliuliza mama yuko wapi. Ndipo afisa ustawi wa jamii alipoitwa. Yeye hakuuliza nani amefariki. Alikaa na yule mtoto wa kiume, akamuuliza, "Bibi yako anakaa wapi?" Mtoto akajibu, "Tunashukia Maneromango, halafu tunatembea."

Ndugu zangu, mtoto yule alijua njia ya kwa bibi yake muda wote ule. Hakuna kati yetu aliyekuwa amemuuliza.

Mama na waliomzunguka

Bibi yule alipatikana ndani ya Wilaya ya Kisarawe, kwenye mikorosho michache na shamba la mihogo. Alilia, kisha akashangaa: alijua wajukuu wawili, wa tatu hakuwahi kusikia habari zake. Tulipouliza sababu, jibu lilitugusa sisi watu wa kanisa. Binti yake alitengwa na usharika alipopata mimba ya pili nje ya ndoa. Ya tatu ilipokuja, aliona aibu kurudi nyumbani, akaona aibu kumleta mtoto abatizwe, akahamia mahali ambapo hakuna anayemjua.

Baadaye mama alirudi mwenyewe, amekonda. Yule mtu wa Tunduma alikuwa amechukua mtaji wake wote. Hatusimami hapa kusema hakukosa. Alikosa, na mwanawe nusura afe. Afisa ustawi alimwita na kumwonya, na mpaka sasa anatembelewa. Watoto wako kwa bibi, na mama anakuja kila wiki mbili. Yule wa kiume amerudi shule. Bibi anatuambia kwamba kila chakula kikiiva, mtoto yule bado anasimama kugawa yeye mwenyewe, na wadogo zake wasipokuwa na sahani hali.

Kwa hiyo, mzee wetu wa jana alisema kweli kwamba Pwani kuna undugu. Kwa mila za Wazaramo ukoo wa mtoto ulifuata upande wa mama, na mjomba alikuwa na usemi mkubwa juu ya wapwa zake. Mtoto wa dada hakuwa mtoto wa mtu mwingine. Lakini leo mjomba anaendesha bodaboda Mbagala, na dada yake anapanga chumba Kibaha, na hawajaonana tangu msiba wa mwisho. Undugu upo, ila lazima mtu aende akauite.

Tunalo pia simulizi ambalo jirani zetu Waislamu wanalijua kama sisi, la Hajiri na mwanawe. Ibrahimu alimtoa nyumbani na mkate na kiriba cha maji. Maji yalipokwisha, Hajiri alimlaza mtoto chini ya kichaka, akaenda kukaa mbali ili asimwone akifa. Tukilisoma kuanzia pale kwenye kichaka, tutasema huyu si mama. Tukilisoma kuanzia mlangoni kwa Ibrahimu, tutauliza maswali mengine: nani aliyempa maji ya siku moja kwa safari isiyo na mwisho, na baba wa mtoto alikuwa wapi maji yalipokwisha? Hata katika ile filamu, mwanawe anapomlaumu, mama anauliza kwa nini asilaumiwe baba aliyetoweka. Swali lile haliondoi kosa lake, lakini ni swali la haki.

Tunayoomba kamati zifanye

Kwanza, tuandikishe watoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka mitano walioandikishwa kuzaliwa walikuwa asilimia 26 tu nchini. Tangu mwaka 2013 wakala wa serikali, RITA, umekuwa ukipeleka mkoa baada ya mkoa mpango wa kuwaandikisha watoto wa umri huo kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, na cheti kutolewa bila malipo. Mzee wa mtaa anapotembelea mzazi aliyejifungua, aulize habari ya cheti kama anavyouliza habari ya ubatizo.

Pili, tutoe taarifa. Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009 haimwachii jirani hiari. Mwanajamii yeyote anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi mwenye uwezo anakataa kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, ana wajibu wa kuarifu serikali ya mtaa. Anayeogopa kusema ana kwa ana anaweza kupiga namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo haitozwi. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Kutoa taarifa si kumfunga mama. Katika kisa chetu, taarifa ndiyo iliyomfikisha bibi.

Tatu, tuwatafute akina baba. Kwa miaka mingi sheria ya zamani, ya mwaka 1949, iliweka kikomo: mama wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa asingeweza kuamriwa kulipwa zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi 100 ile ilibaki kwenye vitabu hata ilipokuwa haitoshi kununua soda. Sheria ya mwaka 2009 iliifuta. Sasa mahakama inaweza kumtambua baba, hata kwa kipimo cha vinasaba, na kuagiza matunzo kulingana na uwezo wake. Wazee wa usharika mnawajua akina baba hawa. Baadhi wanaimba kwaya. Tusimtenge binti siku ya Jumapili na kumpa mwanamume kiti cha mbele Jumapili hiyohiyo.

Nne, na hili tunalisema kwa unyenyekevu mbele ya Wachungaji: tuangalie nidhamu yetu ya kanisa inawaangukia akina nani. Hatuombi nidhamu iondolewe. Tunaomba mama anapotengwa, siku ileile kamati ya diakonia ipewe jina lake, imtembelee, na mtoto wake asikose ubatizo wala Shule ya Jumapili. Na msichana aliyepata mimba akiwa mwanafunzi aambiwe kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Binti anayerudi darasani leo huenda asilazimike kesho kuwafungia wanawe chumbani na kwenda Tunduma.

Kwa ndugu zetu wafadhili

Mara nyingi mmetuuliza kama mtujengee kituo cha kulelea watoto. Tunajua moyo mlio nao. Jengo linaonekana, na linapigwa picha siku ya ufunguzi. Lakini Akira hakwenda polisi kwa sababu aliogopa watoto wanne kutawanywa, na mtoto wetu wa Kibaha alinyamaza kwa sababu hiyohiyo. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi ya watoto inasema familia ndiyo itangulizwe, na kituo kiwe njia ya mwisho. Kwa watoto watatu tuliowasimulia, jengo lililohitajika lilikuwa limeshajengwa kwa miti na udongo karibu na Maneromango. Kilichokosekana ni nauli ya kufika huko, godoro la pili, na mtu wa kuuliza.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. La kwanza, mturuhusu kutumia sehemu ya fedha za yatima kwa mtoto ambaye wazazi wake wapo hai lakini hawapo naye, kwa nauli, kodi ya mwezi mmoja, sare za shule, au mbuzi wawili kwa bibi. Tutatoa hesabu ya kila shilingi. La pili, msituombe picha za watoto hawa. Mtoto aliyefichwa kwa aibu asitolewe mafichoni ili aonyeshwe.

Fomu mpya

Mezani kila kamati itakuta bahasha yenye fomu mpya. Tumeifuta ile ya zamani. Katika fomu hii hatuulizi nani amefariki mpaka ukurasa wa pili. Swali la kwanza linasema: "Jana usiku mtoto huyu alilala na nani, na nani alimpikia?" La pili linasema: "Nani kati ya ndugu zake anajulikana, upande wa mama na upande wa baba, na tunafikaje kwake?" Maswali haya hayajazwi mezani kwa Katibu. Inabidi mtu aende nyumbani, akae, azungumze na mtoto mwenyewe.

Tunaomba kila mtaa wa usharika utembelewe nyumba kwa nyumba, nyumba za kupanga zikitangulia, na majirani wa imani nyingine wasirukwe. Fomu zirudishwe ofisini kabla ya kikao kijacho cha robo mwaka. Yule mwinjilisti aliyeleta jina mara ya kwanza tumemwomba radhi mbele ya kamati yake, naye ndiye atakayewaonyesha asubuhi hii namna ya kuzijaza.